Narudi Saa Kumi

Kambini,
3 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Sanduku nalo limefika, ila ule mkanda ulioushona mara tatu umekatika kabla sijashuka kwenye gari. Usiseme nimeuvuta. Nimeuvuta kidogo tu.

Simu zetu zimekusanywa getini na kufungiwa kabatini mpaka siku ya mwisho. Karani wa kambi ana kapu mezani kwake. Barua anayoikuta humo ikiwa na stempu anaipeleka posta, basi. Kwa hiyo mimi na wewe tutaandikiana kama watu wa zamani, na wewe utajibu, maana nakujua.

Tuko thelathini na wawili. Nalala kitanda cha chini. Cha juu kuna msichana anayeimba hata akiwa anapiga mswaki, na povu linatuangukia wote. Mwalimu wa uigizaji tumempa jina la Filimbi kwa sababu ya ile inayoning'inia shingoni mwake. Anasema mhusika si gauni la kuvaa na kuvua, lazima ule naye, ukae naye foleni ya bafuni, umchukulie kama ndugu. Mchezo wetu ni wa nyimbo mwanzo mpaka mwisho, lakini kurasa anatugawia chache chache ili tusijue mambo yanaishaje.

Mimi ni binti wa mwanamke anayelinda daraja. Nina wimbo wa peke yangu, Mama. Wa peke yangu. Siku ya majaribio nilipomaliza kuimba, Filimbi aliuliza nyumbani kwetu nani anaimba. Nikasema hakuna, mama yangu anashona, na nikiimba ananiambia nipunguze sauti na kufunga dirisha. Wote wakacheka.

Onyesho ni tarehe 27. Utakuja, sivyo?

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani,
6 Agosti

Chiriku wangu,

Marahaba. Nyumba imekuwa kimya mpaka naisikia saa ya ukutani, ile uliyoniambia imekufa. Haijakufa, ni wewe ulikuwa unaizidi kelele.

Sare za shule zimenifunika. Bado mashati arobaini hayana kola, na mwenye shule anapita mlangoni kila siku kunijulia hali, eti hali. Jana nilishona mkono wa kulia upande wa kushoto, nikaufumua, nikaushona tena palepale. Ukirudi usimwambie mtu.

Kuhusu huyo Filimbi, mshukuru kwa wimbo, lakini nani anaimba nyumbani kwetu hakumhusu. Wewe fuata anachokufundisha. Unajua nilivyokuwa mgumu kukuruhusu kwenda huko, na ulivyoninunia wiki mbili nzima mpaka ukawa unasalimia cherehani badala yangu. Sasa nafurahi kwamba ulinishinda.

Nitakuja tarehe 27. Nimeshapima kitambaa cha gauni langu. Kula vizuri, na chanuo lako usimwazime mtu.

Mama


8 Agosti

Mama,

Nimejua. Usiniulize nimejuaje, wala usimtafute aliyeniambia.

Wewe hukunizaa.

Miaka yote hii nimesimama mbele ya kioo nikiitafuta pua yako usoni mwangu. Mbona nyumba nzima haina hata picha moja yangu nikiwa mchanga? Picha ya kwanza nimesimama, nina meno. Kabla ya hapo nilikuwa wapi, na nilikuwa wa nani?

Sitaki uje. Nataka uniandikie ukweli, mzima, usioutia viraka. Ukishaniandikia nitaamua kama nina nyumba ya kurudi.

Binti yako, kama neno hilo bado lina kazi


Nyumbani,
11 Agosti

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, na mara ya tatu nilikuwa sakafuni sijui nilifikaje hapo. Baadaye nikajikuta kwenye cherehani, mguu unakanyaga, sindano inapanda na kushuka, na nguo haimo. Nimeanza jibu hili mara nne.

Ni kweli. Sikukuzaa.

Zamani nilikuwa nashona kiwandani, mashine ya kumi na moja. Mashine ya kumi na mbili ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na tisa, mcheshi, mbishi, hana ndugu mjini. Alikuwa anaimba kutwa juu ya kelele za mashine hamsini, mpaka msimamizi akatishia kumhamishia kwenye kazi ya kushona vifungo. Alipojifungua, alikuwa anakuja na wewe kazini ndani ya kikapu cha vitambaa, tunakuficha chini ya meza yangu kwa sababu ndiyo ilikuwa mbali na mlango. Ukilia, yeye anaongeza sauti ya wimbo ili usisikike. Miezi mitatu msimamizi hakujua kwamba kiwanda chake kina mtoto.

Jumapili moja mchana, mwezi kama huu, alikuja nyumbani kwangu. Ulikuwa na miezi mitano. Kiatu chake kilikuwa kimekatika njiani, akaomba vyangu, akavivaa. Akakuweka mikononi mwangu, akasema, "Dada, nishikie mtoto kidogo, narudi saa kumi."

Saa kumi ikafika, ikapita. Kesho yake nikaisubiri saa kumi nyingine. Kiwandani hakurudi, na chumba alichopanga kilikuwa na mtu mwingine. Sijamwona tena.

Sikukuiba, mwanangu. Niliambiwa nishike, nikashika, mikono ikazoea. Nilisema nitakuambia ukifika miaka kumi. Ulipofika kumi nikasema kumi na miwili. Nilikuwa mwoga, na sasa naona haya.

Kinachonitisha ni huyo aliyekuambia. Hakuna anayejua. Watu wa kiwandani tulishapotezana zamani.

Umesema nisije. Basi sitakuja mpaka uniite. Lakini kitanda chako nimekitandika.

Mama. Sijui nitie saini gani nyingine.


Kambini,
14 Agosti

Mama,

Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Hakuna aliyeniambia kitu. Sikujua chochote. Ile barua ya tarehe 8 haikuwa ya kwako.

Filimbi alitupa ukurasa wa ishirini, pale binti wa daraja anapogundua kwamba mlinzi wa daraja hakumzaa. Kisha akatupa zoezi: kila mmoja aandike barua ambayo mhusika wake hathubutu kuituma. Tusitaje majina, tusisimulie mchezo, na tuazime kitu kimoja cha kweli kutoka kwetu ili mkono uamini. Mimi niliazima ile habari ya picha. Hiyo tu. Hata sikuwahi kuifikiria sana.

Akasema tuzitie kwenye bahasha, tuandike anwani, tubandike na stempu, maana hakuna mtu anayeogopa bahasha tupu. Anwani niliyo nayo kichwani ni moja, nikaiandika. Filimbi akazikusanya zote, akaziweka kidogo mezani kwa karani, akaenda kuamua ugomvi wa watu wa ngoma na watu wa piano. Aliporudi, meza ilikuwa safi. Yule karani alikuta bahasha thelathini na mbili zina stempu, akafanya kazi yake.

Jibu lako lilipofika nilidhani umeamua kucheza na mimi. Nilicheka, Mama. Nikamsomea mwenzangu wa kitanda cha juu kwa sauti, nikamwambia sikia mama yangu anavyojua kutunga. Nikasoma mashine ya kumi na moja, nikasoma kikapu, tukacheka wote. Nilipofika kwenye viatu nikaacha kusoma. Mtu anaweza kutunga mtoto kwenye kikapu, lakini nani atakaa atunge habari ya viatu vya kuazima?

Niandikie mstari mmoja useme umetunga. Mmoja tu, nitauamini.

Na kama hukutunga, niambie kama hayo ndiyo yote. Maana toka jana kuna jambo linanizunguka kichwani. Kwa nini nikiimba lazima dirisha lifungwe? Majirani hawajawahi kulalamika. Yule wa ghorofa ya chini alikuwa ananiomba niimbe.

Chiriku


OFISI YA KAMBI
14 Agosti

Kwa wazazi na walezi wote,

Ofisi inaomba radhi. Barua mlizopokea zenye tarehe 8 Agosti zilikuwa za mazoezi. Kwa hiyo ieleweke kwamba hakuna mtoto aliyechoma jumba la mfalme, hakuna aliyefunga ndoa na baharia, na yule baba aliyefika hapa jana na askari wawili kwa habari ya sumu ameonyeshwa mwanawe, mzima, akicheza mpira na mtu aliyedaiwa kumlisha sumu.

Barua zilikuwa na stempu. Katika miaka ishirini ya kazi sijawahi kuizuia barua yenye stempu.

Tafadhali zichaneni, na msijibu yaliyomo.

Karani wa Kambi


Nyumbani,
17 Agosti

Chiriku,

Barua yako na waraka wa karani vimefika pamoja. Anasema tusijibu yaliyomo. Nilicheka peke yangu, kicheko ambacho sikukipenda.

Miaka kumi na minne nimeziba kila tundu, halafu nikaja kumfungulia mlango binti wa daraja, mtu ambaye hayupo. Bado siamini. Nimeisoma tena ile barua ya tarehe 8, na sasa naona kabisa kwamba si maneno yako. Wewe hujawahi kuandika ukurasa mzima bila kutaja chakula. Lakini picha zile zilinimaliza, sikuona kingine.

Mstari ulioniomba nimeuandika. Upo hapa mezani: nimetunga. Ungeuamini kwa sababu unataka kuuamini, na mimi ningepata usingizi. Ila umeniuliza habari ya dirisha.

Hayo hayakuwa yote. Alirudi.

Ulikuwa unakaribia miaka miwili. Ilikuwa asubuhi, unakula, uji mpaka kwenye nyusi. Nikasikia mtu anakuja uani anaimba polepole, kama anayejipa moyo. Niliijua sauti kabla hajabisha. Akabisha, akasema, "Dada, ni mimi. Nimechelewa."

Nikakunyakua, nikakaa nawe chini nyuma ya mlango. Ulipofungua kinywa, nikakuziba kwa kiganja. Alibisha sana. Alisema, "Nilikuwa nimelazwa, Dada, mbali, nitakueleza, fungua." Nilimsikia kila neno. Nilikuwa nahesabu pumzi zako zinavyopita katikati ya vidole vyangu. Alipoondoka nilifungua nikakuta viatu vyangu mlangoni, vimewekwa soli mpya.

Wiki ileile nilihama. Sikumwachia jirani anwani, kiwandani sikuaga, nikaanza kushonea nyumbani mtaa ambao hakuna anayenijua.

Kisha ukafika miaka minne ukaanza kuimba, na sauti ilikuwa ileile. Ndiyo maana dirisha. Niliogopa atapita chini ya nyumba siku moja, akusikie. Kila nilipokuambia punguza sauti, nilikuwa bado nyuma ya mlango ule.

Nilikuandikia kwamba sikukuiba. Katika barua yangu yote, hilo ndilo nililolitunga.

Sina cha kujitetea nacho. Nakupenda, na nilikuiba, na yote mawili niliyafanya kwa mikono hii hii. Kama utataka mtu mwingine aje kukuchukua tarehe 27, sema, nitaielewa ofisi ikinizuia getini.

Mama


OFISI YA KAMBI
21 Agosti

Mama wa Chiriku,

Barua yako ya tarehe 19, ya kuuliza kama mtoto anakula, nimeipokea. Kanuni haziniruhusu kueleza mambo ya mshiriki, lakini kanuni ndizo zilizotufikisha hapa.

Anakula kidogo. Hasemi na mtu sana. Kwenye mazoezi wimbo wake anauimba vizuri, ila kuna mstari wa kusema, "Wewe si mama yangu." Mwanzoni alikuwa anausema mpaka wapishi wanatoka jikoni kumtazama. Sasa akiufikia anasimama, na piano inasimama kumsubiri. Mwalimu alitaka kuufuta. Mtoto amekataa usifutwe.

Jana alikuja ofisini akaniuliza kama barua iliyochelewa miaka kumi na miwili bado inaweza kumfikia mtu. Nikamwambia inaweza, ikiwa na anwani. Akakaa kwenye benchi langu muda mrefu. Nilimpa chai, ikapoa.

Kila mshiriki ana fomu ya viti viwili vya wageni wake. Fomu thelathini na moja zimesharudi. Yake bado.

Mama, bahasha ile niliipeleka mimi kwa mkono wangu. Nimekuwa nikihesabu bahasha maisha yangu yote na sijawahi kufikiria kwamba ndani mna kitu. Unisamehe.

Karani wa Kambi


Kambini,
22 Agosti

Mama,

Barua yako ya tarehe 17 imenikalia kifuani. Siku ya kwanza nilikuchukia mpaka nikakataa kula. Nilikuwa nikijitazama mikono, nasema hii si yake, hiki kidole si chake, kama mtu anayegawa vitu baada ya msiba. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliniuliza kama bado namfanyia mazoezi binti wa daraja. Nikamwambia ndiyo.

Nimejaribu kukumbuka kile kiganja mdomoni. Sikikumbuki. Ninachokikumbuka ni kiganja chako nilipougua surua, kile chenye vidoti vya sindano, kimekaa kwenye paji langu siku nzima mpaka mwenye mashati akaja kugombana mlangoni. Ni kiganja kilekile. Sijui niviweke wapi vitu hivi viwili.

Bado nina hasira. Usije ukadhani nimesamehe, sijui hata hilo linaanzia wapi. Yeye alisimama mlangoni, akasema amechelewa, na mimi nilikuwa hapo, Mama, nina uji kwenye nyusi. Hatua moja tu.

Lakini jana nilijaza fomu. Ofisi inatupa viti viwili na mimi nina watu wawili. Kadi zote mbili nazitia humu. Namba za viti nilimwomba karani mwenyewe, na amemhamisha baba mzima wa yule anayeigiza mfalme ili nizipate. Kadi ya pili sina pa kuipeleka. Wewe unajua pa kuanzia.

Nakuita. Uje.

Chiriku

KADI YA MWALIKO
27 Agosti. Onyesho: saa kumi kamili alasiri.
Safu ya tatu, kiti namba 11.
Uhusiano na mshiriki: Mama

KADI YA MWALIKO
27 Agosti. Onyesho: saa kumi kamili alasiri.
Safu ya tatu, kiti namba 12.
Uhusiano na mshiriki: Mama


Nyumbani,
24 Agosti

Chiriku wangu,

Kadi zimefika asubuhi. Niliona saa ya onyesho nikazisoma tena zote mbili. Mashati nimeyaacha yalivyo, mwenye shule atanijulia hali kesho.

Nimeenda kwenye ile nyumba ya zamani. Mlango umepakwa rangi ya kijani na ndani kuna watu wengine. Niligeuka nirudi, mguu mmoja unataka na mwingine unakataa, ndipo nikamwona fundi viatu wa pale kwenye kona. Yupo bado, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Hakunijua. Nikamuuliza kama anamkumbuka msichana mmoja wa zamani, mwembamba, aliyekuwa akiimba.

Akaniuliza, "Yule wa kila mwezi wa nane?"

Sikumwelewa. Akanieleza huku anapiga msumari, kama jambo la kawaida. Kwamba ndiye aliyemwekea soli viatu fulani miaka ile, na kwamba toka hapo kila mwaka, mwezi wa nane, yule mwanamke anakuja siku moja. Anabisha mlango ule, anauliza kama aliyehama ameacha anwani. Akiambiwa hapana anakuja kukaa kwenye benchi la fundi mpaka saa kumi. Ikigonga, anaaga na kuondoka. Fundi hajui anakotoka. Alishawahi kumuuliza kwa nini saa kumi, akajibiwa kwamba ndiyo saa aliyoahidi.

Kila mwaka, mwanangu. Mara kumi na mbili. Nilikuwa mitaa sita kutoka pale, nimefunga dirisha.

Niliuliza mwaka huu alikuja lini. Fundi akafikiri, akasema mwaka huu bado.

Mwezi umebakiza siku saba, na onyesho ni baada ya siku tatu. Huenda akaja kesho, huenda akaja tarehe 30, tukiwa tumeshachelewa tena. Nimekaa kwenye benchi lile mpaka saa kumi. Hakuja. Kesho nitakwenda, na kesho kutwa. Kadi ya kiti namba 12 nimemwachia fundi, ameitia kwenye droo ya misumari kwa sababu ndiyo anayoifungua kila mara. Nyuma yake nimeandika anwani yetu, ya kweli, na maneno haya: "Mtoto yupo hapa. Nimechelewa. Dada."

Sijui atanifanya nini akiniona. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ile, lakini mlango nitafungua.

Mstari ule useme wote, usisimame. Nitakuwa safu ya tatu, na sitaondoka. Na ukifika kwenye wimbo wako, mwombe karani afungue madirisha ya ukumbi, yote, mwambie ni mimi nimesema. Usipunguze sauti. Kama bado yuko njiani, aifuate.

Mama